Mwacheni Mwovu na Haiba Yake

Mhalifu wa hadithini asipendeze. Hiyo ndiyo rai inayotawala barazani hapa Amu, katika vyumba vya walimu na majumbani, kuanzia Shela hadi Faza. Mwovu aonyeshwe uovu wake tangu ukurasa wa kwanza, awe na macho mekundu na maneno makali, achukize, kisha aadhibiwe, ili kijana aondoke na onyo. Hadithi inayompa muuaji sura njema, adabu na ulimi mtamu inahesabiwa kuwa sumu, na siku hizi sumu hiyo inaingia nyumbani kupitia simu. Najua wanaosema hivyo wanawapenda watoto wao. Lakini wamekosea, na kosa lao linawaumiza watoto hao hao.

Tumchukue mmoja wa hao wanaolalamikiwa. Tom Ripley alibuniwa na mwandishi wa Kimarekani, Patricia Highsmith, katika riwaya iliyotoka mwaka 1955. Highsmith aliendelea naye hadi mwaka 1991, vitabu vitano kwa jumla. Wafaransa walimtia kwenye filamu mwaka 1960, Wamarekani wakafuata mwaka 1999, na mwaka 2024 ikatoka tamthilia ambayo vijana wetu wanaitazama kwenye simu. Ripley ni kijana wa New York asiye na kitu, mpole, anayeogopa aibu kuliko kifo. Tajiri mmoja anamtuma Italia akamrudishe mwanawe, Dickie. Ripley anazoeana na Dickie, anazitamani nguo zake, pete zake na nyumba yake ya karibu na bahari. Siku moja, wakiwa wawili tu ndani ya mashua, anampiga kasia hadi anamuua. Halafu anajivika maisha yake: sahihi, sauti, pasipoti. Hakamatwi. Baba wa marehemu mwenyewe anaridhia wosia wa kughushi unaompa Ripley mali.

Mauaji hayo peke yake hayawatishi wazazi; watoto wanaona mauaji mengi zaidi kwenye taarifa ya habari. Linalowatisha ni kwamba msomaji, mtu mwema kabisa, anajikuta akimtakia Ripley salama. Polisi wanapobisha hodi, tunabana pumzi kwa ajili ya muuaji. Ndipo wazazi wanaposema kitabu kimetupotosha. Mimi nakiona kitabu kilichotushika mkono wakati tunapotoshwa, kikatuonyesha hatua kwa hatua njia tuliyopitishwa. Ripley hana kipaji cha ajabu. Anajua kusikiliza. Anajua kujifanya mdogo mbele ya mkubwa. Anatambua haraka kila mtu anataka kuambiwa nini, na anamwambia hilo hilo. Tunampenda kwa sababu zile zile zinazowafanya wahasiriwa wake wampende, na kila tunapofungua ukurasa tunajua sisi pia tungemfungulia mlango.

Wako watakaojibu kwamba hayo ni ya Wazungu, na kwamba fasihi yetu haikumpa mwovu uso mzuri. Hao nawarudisha nyumbani. Mwaka 1913 Muhamadi Kijuma, mwandishi wa hati na mchonga mbao wa mji huu huu wa Amu, aliutunga utenzi wa Fumo Liyongo kutokana na masimulizi ya kale ya Pate na pwani ya bara. Tumezoea kuusoma kama utenzi wa shujaa. Usomeni tena kama hadithi ya mauaji, maana ni mauaji yaliyopangwa, yana mlipaji, yana mtekelezaji, yana silaha ya pekee na ujira ulioahidiwa.

Angalieni Sultani wa Pate anavyomwinda Liyongo. Hampelekei jeshi. Anaahidi reale mia kwa watu wa msituni, nao wanamwendea Liyongo kama marafiki, wanakaa naye na kula naye kikowa. Mtego wao ni zamu ya kupanda mkoma: siku atakayokuwa juu anaangua, wamfume mishale. Liyongo anayaangusha makoma kwa mshale miguu yake ikiwa chini, na wao wanarudi kwa aliyewatuma mikono mitupu. Baadaye anatiwa gerezani Pate, anatoroka kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, mkate ambao walinzi waliudharau wakala vyakula vizuri vilivyokuja nao. Hapo Sultani anaelewa. Mtu huyu hafikiwi kwa nguvu, wala kwa urafiki wa kununua. Anafikiwa kwa mwanawe.

Kijana anaahidiwa uwaziri na binti wa Sultani. Anakwenda kwa baba yake, anakaa naye, kisha anamuuliza, kama mtoto anayemhofia mzazi wake, ni kitu gani kinachoweza kumuua. Liyongo ananusa hila. Anahisi kwamba mwana ametumwa na kwamba waliomtuma wanamdanganya. Na bado anajibu: sindano ya shaba, kitovuni.

Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi na kila mara naikuta nzito kuliko riwaya nyingi za mauaji zinazosifiwa duniani. Kijana hana nguvu za kumshinda baba yake. Hata ujasiri hana. Anajaribu, baba anashtuka usingizini, naye anaingiwa na woga. Silaha aliyonayo ni kwamba anapendwa. Liyongo angeweza kunyamaza, lakini kumnyima mwanawe jibu kungekuwa kukiri kwamba ameshampoteza, na hilo hakuliweza. Kama Kijuma angemchora yule kijana kuwa mtu wa kuchukiza tangu mwanzo, utenzi ungeporomoka. Hakuna ambaye angeamini kwamba shujaa aliyeuona mtego wa mkoma alijibu swali lile.

Najua nitaambiwa: lakini yule mwana aliadhibiwa. Kweli. Uwaziri hakuupata, binti hakumpata, alifukuzwa, akadhoofu kwa maradhi hadi akafa. Tunawafundisha watoto sehemu hiyo kwa bidii sana, tukidhani ndiyo yenye mafunzo. Lakini adhabu ile ilikuja Liyongo akiwa tayari amekufa, amepiga goti kisimani na upinde mkononi, mji mzima ukiogopa kwenda kuteka maji kwa kudhani yu hai. Adhabu haimfundishi mtu kumtambua mwana wa aina ile kabla ya sindano. Linalomfundisha ni swali, na jinsi lilivyoulizwa kwa upole.

Tena, ni nani kati yetu hakulelewa na Abunuwasi? Bibi zetu walitusimulia jinsi alivyoazima sufuria kwa jirani akairudisha na kisufuria kidogo, akasema imezaa. Mwenyewe akafurahi, akapokea. Safari ya pili hakurudisha kitu, akasema sufuria imekufa. Tulicheka, tukamshangilia tapeli, na hakuna shehe aliyemwambia bibi kwamba anaharibu watoto. Hadithi ile ilifanya kazi kubwa. Ilituonyesha kwamba yule jirani aliingia mtegoni mwenyewe, siku alipoukubali uongo wa kwanza kwa kuwa ulimfaa. Kila tapeli wa kweli anajua jambo hilo. Hawezi kukupeleka mahali ambapo wewe hukuwa na hamu ya kwenda.

Tumeipoteza hekima hiyo njiani, na lawama naipeleka kwanza kwenye riwaya zetu wenyewe za upelelezi, ambazo nazipenda. Muhammed Said Abdulla alipotupa Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, mwaka 1960, mvuto wote aliupeleka kwa mpelelezi: kiko chake, utulivu wake, werevu wake. Elvis Musiba akaongeza. Willy Gamba wa Kufa na Kupona, iliyotoka mwaka 1974, ni mtanashati, shujaa, anapendwa na wanawake. Kizazi kizima kikazoea kwamba mwenye haiba ndiye mwema. Waliokwenda kinyume ni wachache, na wakubwa wao wametoka Zanzibar. Mohamed Suleiman Mohamed katika Kiu, mwaka 1972, alituchorea Idi, anayemteka Bahati kwa mapenzi huku jicho lake liko kwenye mali ya Mwinyi. Said Ahmed Mohamed katika Utengano, mwaka 1980, alimpa Bwana Maksuudi heshima yote ambayo mji unaweza kumpa mtu, kisha akatufungulia mlango wa nyumba yake tukaona ukatili uliomo.

Kisha darasa likamaliza kazi. Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kuandaa jedwali la wahusika na sifa zao: fulani ni katili, fulani mlafi, fulani mnafiki, pamoja na mfano kutoka kitabuni. Anapata alama zake. Anatoka shuleni akiamini kwamba watu huja na sifa zao zimeandikwa kifuani, na kazi yake ni kuzisoma. Hajaulizwa hata siku moja ni kwa nini Bahati alimpenda Idi, wala kama yeye mwenyewe angempenda.

Kijana huyo tunamtoa hivyo katika mji huu. Aliyempa jirani yetu kete yake ya kwanza ya unga alikuwa swahiba wa maskani, na kete ile ilikuwa ya bure. Wakala anayewapeleka mabinti Ghuba kwa kazi ambazo hazipo huja na salamu ndefu, anaijua familia, anamwita mama wa binti kwa heshima na kumpelekea sukari mwezi wa Ramadhani. Wanaowashawishi vijana wa Pwani kuvuka mpaka kwenda kupigana Somalia hawaanzi na bunduki. Wanaanza na udugu, kumsikiliza kijana ambaye hakuna mwingine anayemsikiliza, kumwahidi kazi, kumlipia deni dogo. Nimekaa na wazazi waliofikwa na mambo hayo, na maneno yao yanafanana: alikuwa mtu mzuri sana. Wanayasema kwa mshangao, kwa kuwa hakuna hadithi waliyosimuliwa shuleni iliyowaambia kwamba wema ule wa nje ndio uliokuwa chombo cha kazi.

Hata historia yetu ya bara ya hapa inasimulia hayo. Mwaka 1885 ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, walipata ardhi kwa mkataba kutoka kwa Sultani Ahmed wa Witu, aliyeitwa Simba. Yeye alikuwa akitafuta kinga dhidi ya Zanzibar, na wao wakaja na kinga mkononi, na nchi yao ikatangaza ulinzi juu ya Witu. Mwaka 1888 posta ya Kijerumani ikafunguliwa mjini Amu, na jengo lake leo ni makumbusho. Mwaka 1890 Ujerumani ikaiachia Uingereza Witu katika mapatano yaliyofanyika mbali na hapa. Mwaka huo huo Wajerumani kadhaa wakauawa Witu, na mnamo Oktoba Waingereza wakauchoma mji. Ulinzi ulioahidiwa ulidumu miaka mitano. Sultani Ahmed hakuwa mpumbavu. Aliambiwa kile alichohitaji kusikia.

Hoja moja ya wapinzani wangu naiheshimu: kijana atamwiga mhalifu anayempenda. Ziko filamu za namna hiyo, sikatai, zinazomvika jambazi suti na gari bila ya kutuonyesha hata mara moja mtu aliyeumizwa. Hizo ni matangazo ya biashara, na wazazi wana haki ya kuzichukia. Lakini riwaya ya kweli ya mauaji na nafsi haimwachi mwovu apumzike, hata asipokamatwa. Ripley anapata fedha, kisha hawezi kusikia hodi bila moyo kwenda mbio. Kila anayemjua Dickie anakuwa tishio. Anaendelea kusema uongo ili kulinda uongo wa jana, na Highsmith anatuweka ndani ya hofu hiyo mpaka tunatamani kutoka. Kijana anayesoma yote hayo kwa makini haoni maisha ya kuigwa. Yule aliyekatazwa kusoma ndiye atakayeona picha ya nje tu, kwenye simu, dakika mbili mbili, bila ya mtu wa kuzungumza naye.

Kwa hiyo nawaomba wazazi wa Amu wasiwanyang'anye watoto vitabu hivi, bali wavisome nao. Nawaomba wanaoagiza vitabu vya maktaba za shule zetu, Siyu na Mpeketoni wasisahauliwe, waweke Kiu na Utengano kwenye rafu ambazo wanafunzi wanazifikia, karibu na utenzi wa Kijuma. Na kwa mwalimu wa fasihi nina ombi moja. Muhula ujao, kabla ya jedwali la sifa, mtake kila mwanafunzi ataje ukurasa ambao yeye mwenyewe alimwamini mwongo, na aeleze ni neno gani lililomfanya aamini. Majibu yao yasomwe kwa sauti darasani.