Namba ya tarakimu 21

Leo tutazame namba hii: 147573952589676412927. Andikeni 2 mara 67, zizidisheni zote pamoja, kisha ondoeni 1, mtaipata.

Katika mwaka 1644 Padre Marin Mersenne, mtawa Mfaransa, aliandika kwamba ni namba tasa, yaani haigawanyiki kamili ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mtaalamu mwenye sifa amesema, nani ambishie? Ikapita miaka 232. Mwaka 1876 Édouard Lucas, Mfaransa pia, akathibitisha kwamba yagawanyika, ingawa vigawo vyake hakuviona. Ndipo mwaka 1903, huko Marekani, Frank Nelson Cole alipovionyesha: 193707721 mara 761838257287.

Kuvitafuta kulikuwa kazi kubwa. Kuvihakikisha kwataka karatasi, kalamu na saburi tu. Mtoto wa shule ajuaye kuzidisha aweza kumsahihisha mtaalamu.

Sisi tulio walimu twapenda kusadikiwa. Lakini hesabu haitazami cheo cha mtu. Basi, enyi wazazi, mtoto akiwauliza, “Kwa nini?”, msimjibu, “Mwalimu amesema.” Mpeni kalamu, ahesabu mwenyewe.