Mtoto Sio Samaki

Nianze na swali. Una homa, umekwenda zahanati, mganga anakuchapa viboko sita na kukuambia nenda nyumbani. Kesho homa imezidi, anakuchapa kumi na mbili. Utamwita mganga huyo? Utamwita mwendawazimu. Lakini mtoto anayepiga wenzake mawe, anayeiba, anayetoroka, dawa yake eti kila mtu anaijua: fimbo. Haikufaa? Ongeza fimbo. Mimi nasema huo ni uganga wa kubahatisha, tena ni uvivu wa sisi watu wazima.

Najua mtanijibu kwa methali. Samaki mkunje angali mbichi. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Haya, nimezisikia tangu darasa la kwanza. Lakini mtoto sio samaki jamani, na wengi wanaodai wanamkunja wanamvunja.

Nisimulie ninachokijua. Dada yangu anakaa Kibaha, sio mbali na Maili Moja. Mwanawe wa kwanza alikuwa na miaka 9 alipompasua mwenzake kichwa kwa jiwe. Kabla ya hapo alishaua bata wa jirani, na chenji ya unga ilikuwa haifiki nyumbani. Huo haukuwa utundu wa kawaida, sifichi. Shuleni walimchapa mpaka viganja vikavimba. Kanuni za serikali za mwaka 2002 ziliweka wazi: viboko visizidi vinne, achape mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na adhabu iandikwe kitabuni. Viboko vya mpwa wangu hakuna aliyevihesabu, na hicho kitabu hatukukiona.

Ukoo ukakaa kikao. Ikaamuliwa apelekwe Kisarawe kwa babu yake, yaani baba yetu, "akanyooke". Ndiyo mtindo wetu: mtoto akitushinda mjini tunamsafirisha, kana kwamba tabia ni mzigo wa kuachwa stendi. Kule kulikuwa na mihogo ya kupalilia, korosho za kuokota, na fimbo ya mzee. Mwezi wa pili kijana akadandia lori la mkaa. Tulimpata siku ya tatu Gongo la Mboto, amelala chini ya meza ya muuza chipsi. Tukampiga tena! Mimi mwenyewe nilimpiga. Naandika hili kwa aibu.

Na mbele yake kulikuwa na nini? Kwa sheria yetu mtoto akifika miaka 10 anaweza kuanza kuwajibika kwa kosa la jinai, ingawa chini ya miaka 12 lazima ithibitishwe kwamba alijua anachofanya ni kibaya. Shule ya maadilisho iko Irambo, Mbeya, zaidi ya kilomita 700 kutoka Kibaha. Yaani hata serikali, kama ukoo wetu, ingemsafirisha.

Sasa nisikilizeni. Tiba ipo, tena haina sindano. Mmarekani mmoja, Gerald Patterson, alikaa miaka mingi akiangalia familia zenye watoto wa aina hii, na mwaka 1982 akatoa kitabu. Alichoeleza utakiona kwenye nyumba yoyote ya Kibaha. Mama anasema kachote maji. Mtoto anapiga kelele, anatukana. Mama kachoka, anakwenda kuchota mwenyewe. Mtoto kajifunza nini? Kwamba kelele zinalipa. Kesho mama anakasirika, anachapa, mtoto ananyamaza dakika tano. Mama naye kajifunza: fimbo inalipa. Basi wanafundishana ubaya, kila siku sauti inapanda na fimbo inanenepa. Kwa hiyo tiba inaanza na mtu mzima. Ndiye anayefundishwa kwanza, na hapo ndipo wengi mnaponuna.

Dada alifundishwa na mshauri mmoja wa watoto. Amri iwe fupi, moja moja, bila matusi. Mtoto akifanya jema asifiwe palepale, sio jioni. Kila jema ni kizibo kimoja cha soda ndani ya kopo, vizibo kumi ni kwenda na mjomba kibanda umiza kuangalia mpira. Akipiga mtu, siku hiyo hachezi nje, basi, hakuna hotuba. Na nyumba nzima ifuate sheria hiyohiyo, sio mama anakataza, bibi anaruhusu. Wiki mbili za kwanza alizidi! Alivunja kopo. Mshauri alikuwa ameshatuonya: mtoto anayezoea kushinda kwa kelele, ukizinyima malipo, kwanza atazipandisha. Dada hakutetereka. Leo ni mwezi wa saba. Sio malaika, juzi kaniibia kalamu. Ila jiwe hajalishika.

Baba aliposikia alicheka: "Mnamhonga mjukuu wangu vizibo?" Dada akamjibu kwa adabu, "Samahani baba, chama kikikulipa korosho zako kinakuhonga?" Mzee kimya.

Wengine mtasema hayo ni mambo ya Wazungu. Je, hamsa ishirini ilikuwa ya nani? Sio Mjerumani aliyewalaza babu zetu chini, kiboko ishirini na tano? Leo tunakikumbatia kiboko kile tukikiita mila. Na kama mnataka ushahidi wa hapahapa, upo. Mabula Nkuba na wenzake Katharin Hermenau na Tobias Hecker walifanya utafiti kwenye sekondari za serikali Tanzania, ukachapishwa 2018. Walimu walipata mafunzo ya siku tano na nusu ya kukaa na wanafunzi bila kipigo, wakalinganishwa na wasiopata. Kipigo kilipungua, na waliosema hivyo sio walimu tu, hata wanafunzi. Siku tano na nusu! Semina ngapi zinakula siku nyingi kuliko hizo?

Sidai tiba hii inamponya kila mtoto. Wengine wana kifafa, wengine wanafiwa, wengine wanafanyiwa unyama ndani ya nyumba na hakuna aliyeuliza. Hao wanahitaji zaidi ya vizibo. Lakini hakuna hata mmoja wao anayehitaji kuvimba viganja.

Mwisho nawageukia nyie wenzangu mnaotaka kuandika. Mtoto mbaya kwenye hadithi zetu anafanyaje? Anakaidi, anaonywa, anaharibikiwa, anakufa, na msomaji anaambiwa "hayo ndiyo malipo". Nami nilikuwa na riwaya hiyo. Sura ya saba kijana wangu anachomwa kwa tairi, na niliiona bomba kweli. Nimeichana. Yule kijana nilimtoa kwa mpwa wangu, na mpwa wangu anajua kusoma. Sasa sura ya saba sina. Naijaribu upya, kijana ana miaka 9 na mama yake ameshika kopo tupu. Ni ngumu kuliko kumchoma, lakini jaribuni na nyie.