Aibu ya Bidhaa ni ya Aliyeiuza

Mwezi uliopita nilinunua birika la umeme katika duka moja la Kariakoo, Dar es Salaam, kwa shilingi 25,000. Muuzaji, kijana mwenye adabu, alilichomeka mbele ya macho yangu, taa yake ndogo ikawaka, nami nikaridhika nikalipa. Siku ya tatu, kabla halijachemsha maji mara kumi, lilitoa harufu ya kuungua, likazima, lisiwake tena. Niliporudi nalo dukani pamoja na risiti yake, kijana yule alinyooshea kidole kibao kilichobandikwa ukutani, akasema, "Mzee wangu, mali ikishauzwa hairudishwi." Nilipomsihi alitazame walau, akaongeza, "Na kwa bei ile ulitarajia nini?"

Kisa changu ni kidogo, wala duka lile silitaji. Lakini maneno mawili yale, la kibao na la bei, yamezoeleka katika masoko yetu kiasi cha kudhaniwa kuwa ni sheria, ilhali si sheria wala si mila.

Nianze na la kibao. Lugha yetu yenyewe inalikanusha. Neno hiari, ambalo sote hulitamka kila siku, limetoka katika Kiarabu, na katika fikihi ya biashara ni istilahi yenye maana mahsusi: ni haki ya mnunuzi au muuzaji kuushika mkataba au kuuvunja. Mojawapo ya hiari hizo ni hiari ya aibu, yaani haki ya kurudisha kitu na kupokea thamani yake pindi inapodhihiri kasoro iliyokuwamo tangu kabla ya kukabidhiwa, ambayo mnunuzi hakuijua wala hakuiridhia. Imesimuliwa kwamba Mtume alitia mkono wake ndani ya rundo la nafaka sokoni, vidole vikakuta unyevu, na mwenye nafaka alipojitetea kwamba ni mvua, aliulizwa kwa nini ile iliyolowa hakuiweka juu watu wakaiona. Hivyo, karne nyingi kabla ya plagi na waya kufika katika pwani hii, ilikwishajulikana kwamba taa kuwaka dakika moja dukani ni juu ya rundo tu, na kwamba aibu iliyo ndani humrudia aliyeuza.

Sheria za dola nazo zimeshika njia hiyohiyo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, tuliyoirithi zama za Waingereza na ambayo asili yake ni sheria yao ya mwaka 1893, humtaka mfanyabiashara auze kitu kinachostahili kuitwa kwa jina lake na kuuzika kwa hali hiyo, ila kwa kasoro ambayo mnunuzi aliyekikagua angeiona. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, imetia ndani ya mikataba ya walaji masharti ya ubora na ya kufaa kwa kazi. Jirani zetu wa Kenya wamekwenda mbali zaidi: ibara ya 46 ya Katiba yao ya mwaka 2010 inamhakikishia mlaji bidhaa zenye ubora wa kuridhisha na fidia ya hasara, na sheria yao ya mwaka 2012 ya kumlinda mlaji inabatilisha sharti lolote la muuzaji linalokusudia kuiondoa dhamana hiyo.

Na la bei je? Nakiri kwamba rahisi haiwi sawa na ghali. Birika la bei ya chini lina ruhusa ya kuwa jembamba, la kukosa nakshi, la kukawia kuchemsha. Ruhusa ya kutochemsha halina, kwa kuwa hapo si birika tena. Tena, anayenunua cha rahisi aghalabu ni yule ambaye fedha ile ni jasho la siku kadhaa. Tajiri hununua penye waranti ya mwaka mzima, na kikiharibika hupewa kingine. Maskini huambiwa bei yake ndiyo hatia yake. Haki inayopimwa kwa uzito wa mfuko haistahili jina la haki.

Insafu hunilazimu nimtetee muuzaji pia. Wako wanunuzi wanaoazima kwa hila, wakatumia kitu arusini kisha wakakirudisha. Wako waliobadili nia tu, na hao hawana la kudai. Na mwenye duka dogo naye hununua katoni kwa wa jumla, ambaye humjibu maneno yaleyale ya kibao. Dawa ya jambo hili ni kurudisha aibu hatua kwa hatua, kutoka duka dogo hadi kwa wa jumla na kwa aliyeiingiza nchini, badala ya kuiacha mikononi mwa mtu wa mwisho asiye na wa kumrudishia.

Sisi wanunuzi tuna wajibu wetu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Risiti ambayo Mamlaka ya Mapato hutuhimiza kuidai kwa ajili ya kodi ndiyo pia shahidi wetu. Tukague kabla ya kulipa, na aibu ikidhihiri turudi upesi, maana fikihi ya Kishafii huitaka haraka hiyo, na sheria ile tuliyoirithi kwa Waingereza humhesabu aliyekaa na kitu muda mrefu kuwa amekiridhia. Tukikataliwa, tupeleke malalamiko kwa Tume, nayo Tume ishuke madukani ikaviondoe vibao vile.

Biashara haigombi, nami sitagomba. Wiki hii nitarudi na birika langu na risiti yangu, nimwombe kijana yule, kwa upole, afungue boksi na atazame ndani.