Manyunyu Si Gharika: Kiswahili katika Programu za Hali ya Anga

Aghalabu mtaalamu wa Kiswahili huitwa kwenye kazi za kompyuta mwishoni, mambo yakiwa yamekwisha, ili atafsiri. Utaratibu huu una kasoro, na kasoro hiyo hudhihirika waziwazi katika programu za simu za utabiri wa hali ya anga.

Ifahamike kwamba programu ya simu yenyewe haitabiri chochote. Simu huuliza seva, nayo seva huomba data kwa wenye mitambo ya utabiri kupitia mlango uitwao API. Kuunda sehemu ya simu si muhali tena: tangu React Native ilipotolewa mwaka 2015 na Flutter 1.0 mwaka 2018, msimbo mmoja hutosha kwa Android na iPhone. Seva hutunza ufunguo wa siri na kuweka akiba ya majibu, ili simu elfu moja za Kisumu zisipeleke swali lile lile mara elfu moja. Hayo wahandisi wanayamudu.

Wasilolimudu ni neno. Huduma kama Open-Meteo huleta hali ya anga kwa nambari zinazofuata mpangilio wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani. 51 ni manyunyu hafifu. 65 ni mvua kubwa. 82 ni mvua ya ghafla inayomwagika kwa nguvu za kutisha. Mhandisi asiyeimudu lugha hufungua kamusi, akaona kuwa "manyunyu" yanaweza kusimamia istilahi za Kiingereza za 51 na 82, basi akaandika "manyunyu makali". Mkazi wa bondeni akisoma hivyo atachukua mwavuli tu. Mafuriko ya Machi hadi Mei 2024 yaliua zaidi ya watu 200 nchini Kenya.

Upepo nao una utata wake. API huutaja kwa nyuzi, na mtu anaweza kushawishika kuuita "kusi" kila unaotoka nyuzi 180. Lakini kusi, kwa watu wa pwani, ni upepo na msimu wake. Kuutangaza Kitale mwezi wa Januari ni kichekesho.

Wapo wanaoshikilia kwamba maneno yawekwe ndani ya simu ili yasomeke mtandao ukipotea. Hoja hiyo ina mashiko, ila simu yaweza kuhifadhi jibu la mwisho pamoja na maneno yake. Neno likikaa kwenye seva, kosa husahihishwa mahali pamoja siku hiyo hiyo. Likikaa kwenye simu, sharti kila mtumiaji apakue toleo jipya, na ni wangapi watakaotumia bando lao kwa ajili ya neno moja?

Kwa hivyo vyama vya Kiswahili vyuoni viketi na wanafunzi wa kompyuta kabla ya mstari wa kwanza wa msimbo kuandikwa, jedwali la nambari hizo likiwa mezani, waanze na 82.