Kabla ya Kuunda Grupu ya Mchango, Tafuta Abstrakti



Si mnaijua ile? Simu inalia, ukiangalia umeshatiwa kwenye grupu ya WhatsApp: "Matibabu ya Ndugu Yetu." Picha ya kijana kalala wodini, mguu umetundikwa. Gari limemgonga, bili imepita laki tatu, na namba ya kutuma mchango iko hapo chini. Tunatuma. Huyu mia tano, yule mia mbili, mama muuza mahamri anatuma hamsini yake. Alhamdulillah, huruma bado tunayo.

Lakini kuna swali sijaliona likiulizwa kwenye grupu hizo: hilo gari lilikuwa na bima gani?

Mara moja niliuliza. Kimya. Baadaye mzee mmoja akanijibu kwa upole, "Mwanangu, hii ni qadar. Mwenye gari amekuja na wazee, ametoa elfu thelathini, tumemsamehe." Nikauliza kama kuna ripoti polisi. Hakuna. Kuna karatasi mliyotia sahihi? Ipo, lakini hakuna aliyeisoma. Yule kijana alikuwa kibarua bandarini. Leo anatembea kwa magongo, na mamake bado analipa hospitali kidogo kidogo.

Sibishani na qadar, ni katika imani yetu. Lakini qadar haimfutii mtu deni lake. Dini hii hii ina diya, hata kwa aliyeua bila kukusudia. Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Vipi basi sisi ndio watu wa kumaliza mambo mdomoni, kisha kutia sahihi tusichokisoma? Kusamehe ni jambo tukufu, lakini anayesamehe ni yule anayejua anasamehe nini. Aliyenyimwa habari hajasamehe, amepunjwa.

Sheria yenyewe iko wazi. Kenya ina sheria ya bima ya magari, Cap 405, inayolazimisha kila gari barabarani liwe na bima ya thadi pati. Bima hiyo imewekwa kwa ajili yako wewe unayegongwa ukivuka barabara, na kwa ajili ya abiria aliyelipa nauli ndani ya matatu. Mtu mmoja anaweza kulipwa mpaka shilingi milioni 3 na kampuni ya bima. Korti ikiamua zaidi ya hapo, kinachozidi kinamwangukia mwenye gari. Kwa hiyo mara nyingi tunachangishana sisi maskini kulipa bili ambayo sheria ilishamtwika mtu mwingine.

Hebu tushike mambo machache.

Kwanza, piga picha namba ya gari na stika ya bima kwenye kioo. Chukua namba za simu za mashahidi kabla watu hawajatawanyika. Gari likitoroka bila kujulikana, kazi inakuwa ngumu sana.

Pili, ajali ya kuumiza mtu lazima iripotiwe polisi, na sheria ya trafiki inampa dereva saa 24. Usimngojee yeye. Peleka habari mwenyewe, hakikisha imeingia kwenye kitabu cha OB, kisha fuatilia abstrakti. Hiyo karatasi haiuzwi. Ndiyo inayoonyesha gari gani, dereva nani, bima ya kampuni gani.

Tatu, weka kila risiti. Korti inaweza kukupa fidia ya maumivu, lakini pesa ulizotumia hurudishwi bila ushahidi. Dawa, eksirei, teksi ya kwenda kliniki, yote hayo yawe na karatasi. Kama unaishi kwa kibarua, hata rekodi zako za M-Pesa zinasaidia kuonyesha ulikuwa unaingiza nini.

Nne, dereva akipigwa faini korti ya trafiki, usidhani mambo yamekwisha. Ile faini ni ya serikali. Kesi yako ya fidia ni nyingine, unamshtaki dereva na mwenye gari, na bima inatakiwa iarifiwe mapema ili ibebe hukumu. Na msiipeleke kwa Kadhi: Katiba imempa mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, si ajali.

Tano, muda. Una miaka 3 tangu siku ya ajali kufungua kesi. Ukigongwa na gari la serikali ni miezi 12 tu. Wangapi wetu wamekuja kuuliza mwaka wa nne?

Na nyinyi wa boda, hili linawahusu. Pikipiki iliyokatiwa bima ya matumizi binafsi halafu inabeba abiria, kampuni inaweza kukataa kulipa. Ile mia chache unayookoa kwenye bima, abiria wako ndiye atakayeilipa kwa mguu wake.

Sitawadanganya kwamba njia hii ni nyoofu. Kesi huchukua muda. Kampuni za bima zimewahi kuporomoka na watu wakabaki na hukumu mkononi. United ilianguka 2005, Blue Shield ikafuata 2011. Halafu kuna wale mabroka wanaozunguka wodini na fomu za mawakili, mgonjwa bado hajui yuko wapi. Wakili haruhusiwi kutafuta wateja namna hiyo. Chagua wakili wako mwenyewe, mfahamu ofisi yake, makubaliano yawe kwa maandishi. Fidia ikilipwa na yeye akaikalia, kuna Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili. Na kama huna pesa za wakili, kuna Kituo cha Sheria, ambacho kina ofisi Mombasa, na kuna huduma ya serikali ya msaada wa kisheria iliyoundwa kwa sheria ya 2016.

Sasa ombi langu kwenu. Mtu akifa mtaani, kila kitu kiko tayari. Yuko anayejua kuosha, anayejua duka la sanda, anayeshika funguo za jeneza la msikiti. Hakuna anayehangaika. Mbona aliyeumia hana watu kama hao? Kila msikiti una kundi la vijana. Watoeni wawili tu: mmoja wa kukimbilia hospitali, mmoja wa kukimbilia polisi. Wajue karatasi zipi zinahitajika, wajue wakili gani mwaminifu wa kupigiwa, na wakae karibu na familia ili mtu asiletewe kalamu akiwa bado ana dripu mkononi.

Michango isiache. Dawa ya usiku haingoji korti. Lakini kwenye grupu itakayofuata, kabla ya namba ya kutuma pesa, nataka nione picha ya abstrakti. Ikiwa haipo, wa kwanza kusoma ujumbe huo avae viatu aende kituoni.