Pesa ya Tumbaku na Matokeo ya Julai

Kwa kawaida mambo mawili hukutana mkoani Tabora katikati ya mwaka. Mkulima wa Urambo, Kaliua au Sikonge hupokea malipo ya tumbaku kupitia chama chake cha msingi, akishakatwa mkopo wa pembejeo. Wakati huohuo matokeo ya kidato cha sita hutangazwa, na pesa ile inaanza kugombewa: kijana aende chuo kikuu, au aanze kazi?

Wazazi wengi hulichukua swali hili kuwa la heshima ya nyumba. Safu hii imezoea bei na mizigo, kwa hiyo italitazama kama suala la mtaji.

Ada hudaiwa vyuo vinapofunguliwa, Oktoba au Novemba. Wakati huo mkulima yumo katika gharama za msimu mpya na anatazama mawingu. Pesa nyingine ya tumbaku ataiona mwaka unaofuata. Kijana asiye na mkopo huondoka kwenda Dar es Salaam au Dodoma akiwa na nauli, ada ya muhula mmoja na ahadi ya baba, na ahadi hiyo inategemea mvua. Anayerudi nyumbani kabla ya mwaka kwisha mara nyingi hakushindwa masomo, alishindwa na kalenda.

Hesabu hii si ngeni Unyamwezi. Katika karne ya 19 kijana alionekana kuwa mtu mzima akishateremka pwani na msafara, mzigo wa frasila mbili begani, mwendo wa karibu miezi mitatu hadi Bagamoyo, ujira wake nguo. Lakini wengi walipanga safari hizo wakati wa kiangazi, ili warudi kuwahi kilimo. Safari haikulaza jembe. Kisha reli ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na upagazi ukafa, kwa kuwa mabega hayana la kushindana na behewa.

Kwa hiyo tukisema kijana aanze kazi, hatusemi akabebe marobota ya tumbaku kwa ujira wa siku. Tabora ina Chuo cha Nyuki, Chuo cha Reli na VETA. Reli ya kisasa, ambayo treni zake zilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, imepangwa kupita Tabora hadi Mwanza na Kigoma, nayo itataka mafundi wa umeme na mitambo. Asali na nta ya misitu ya miombo zina wanunuzi toka enzi za misafara. Misimu miwili ya kazi ya namna hii humpa kijana ujuzi, na akiba ya kumfikisha muhula wa pili.

Je, nafasi ya chuo haitapotea? Miongozo ya miaka ya karibuni ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imewapokea waombaji waliomaliza kidato cha sita ndani ya miaka mitano. Lakini upo mtego: mwombaji hatakiwi kuwa na kipato cha ajira au mkataba rasmi. Kijana aliyesaini ukarani kwa mshahara kiduchu anaweza kujifungia mlango kwa kalamu yake mwenyewe. Mizinga 20 porini haisainishi mtu mkataba. Asome muongozo wa mwaka wake kabla ya kusaini chochote, na akumbuke kuwa mkopo si sadaka: tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara.

Hata hivyo hesabu yote hiyo ni ya mtoto wa kiume, na hapo ndipo wengi hukosea. Serikali iliwahi kulazimisha utaratibu wa kazi kwanza. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi kabla ya chuo kikuu, na wapate mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Wasichana waliofika chuo kikuu wakapungua, na baada ya miaka michache wakasamehewa sharti hilo. Sababu bado ipo vijijini kwetu. Kaka akisubiri misimu miwili huitwa mchapakazi. Dada akisubiri nyumbani huletewa wachumba, na barua ya chuo haionekani tena.

Basi ikiwa wote wawili wamefaulu na pesa inamtosha mmoja tu, aende msichana, kaka abaki na mizinga. Na ada ya dada itengwe Julai hiyohiyo, kabla wauza pikipiki hawajapiga kambi karibu na ofisi ya chama.