TUSIWAZIBE MIDOMO BINTI ZETU

Ndugu wafanya kazi,

Naomba nafasi kidogo katika karatasi yetu hii niseme jambo lililonipata nyumbani, maana nadhani si langu peke yangu.

Mwezi uliopita nilimtuma binti yangu wa miaka 11 dukani kununua sukari na sabuni. Mwenye duka akampa chenji iliyopungua shilingi ishirini. Mtoto akamwambia, "Mzee, hesabu haikutimia." Yule bwana akakasirika, akaja mpaka mlangoni kwangu kushtaki kwamba binti yangu hana adabu. Mimi sikuuliza neno. Nilimwamuru mtoto aombe msamaha, naye akaomba huku machozi yanamtoka. Usiku nikahesabu fedha, nikaona mtoto alisema kweli.

Na siku chache tu kabla ya hapo nilikuwa nimesimama katika mkutano wa tawi, nikasema saa zetu za ziada hazikuhesabiwa sawasawa, na kwamba anayenyamaza huibiwa daima. Mkanipigia makofi. Kumbe neno lile lile lililokuwa ushujaa kinywani mwangu, kinywani mwa binti yangu nililiita utovu wa adabu! Angekuwa mvulana, labda ningecheka na kusema, "Huyu atakuwa kiongozi."

Wengine watasema: msichana akizoea kusema, kesho atawadharau wazee. Najibu: adabu ni namna ya kusema, si kunyamaza. Tumfundishe kusema kwa heshima, bila matusi, akiwa na hakika ya jambo lake. Ndivyo tunavyofundishana chamani kabla ya kwenda mbele ya wakubwa. Lakini mtoto aliyefundishwa kwamba mkubwa hakosei, siku atakapoandikwa kazi atamwambia nini mnyapara anayempunja mshahara, au anayemtaka kwa nguvu? Atanyamaza, kama tulivyomfundisha sisi wenyewe.

Tukumbuke pia tulikotoka. Tarehe 16 Machi 1922 watu walikusanyika mbele ya kituo cha polisi Nairobi kudai Harry Thuku afunguliwe. Viongozi walipowaambia warudi nyumbani, mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, ndiye aliyewaaibisha wanaume wasiondoke. Polisi walipiga risasi, naye akafa pamoja na wengine. Kule Kisumu, Grace Onyango alikuwa mwalimu. Mwaka 1965 akawa meya wa mji ule, na mwaka 1969 watu wakamchagua kwenda Bunge, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa Kenya. Na sisi watu wa reli tuliona wenyewe mwaka 2017, reli mpya ya Mombasa na Nairobi ilipofunguliwa, wasichana wa Kenya wakiendesha gari la abiria. Hakuna hata mmoja wa hawa aliyefika huko kwa kunyamaza.

Katiba ya 2010 inataka viti vya kuchaguliwa visishikwe na watu wa jinsia moja kupita theluthi mbili. Ni sheria njema, lakini sheria haiwezi kuingia jikoni kumfundisha mtoto kusimama. Kazi hiyo ni yetu. Samaki mkunje angali mbichi.

Basi nashauri hivi. Mezani tuwaulize binti zetu maoni yao, tungoje jibu. Kazi za nyumbani tuzigawe, wavulana nao waoshe vyombo, ili dada zao wapate muda wa kusoma. Na siku ya jamaa zetu kukutana tawini, tuwape wasichana kuendesha michezo na kuhesabu michango mbele ya watu wote. Uongozi hujifunzwa kwa kuongoza.

Mimi nimeanza. Asubuhi ile nilimwomba mtoto wangu msamaha, kisha tukaenda dukani pamoja. Sikusema mimi; alisema yeye, pole pole, na hesabu yake mkononi. Mwenye duka alitazama karatasi, akatoa shilingi ishirini. Njiani mtoto alizishika mkononi mpaka nyumbani, wala hakutaka kuzitia mfukoni.

Ndugu zangu, chama hiki kitahitaji wasemaji sisi tutakapostaafu. Tusiwazibe midomo leo.

Ni mimi ndugu yenu,
Mfanya kazi wa Reli, Nairobi